Muulize Mzee wa Pedi: Dola 80 Zinanunua Nini?

Shikamoo Mzee wa Pedi. Gemu mpya ya video ilikuwa dola 60, ikawa 70, sasa wanataka 80. Nikilalamika naambiwa eti ukipiga hesabu ya mfumuko wa bei, gemu za leo ni rahisi kuliko za zamani. Ni kweli, au tunafanywa wajinga? – Mfuko Uliotoboka

Marahaba. Hesabu yenyewe ni sahihi, ndiyo maana inaudhi. Miaka ya 1990 katriji (kaseti za gemu) za konsoli, yaani mashine ya gemu, ya Nintendo 64 ziliuzwa Marekani hata kwa dola 70, na dola ya wakati ule ilikuwa na uzito kuliko ya leo. Ila katriji ilikuwa kifaa: ndani mna chipu, na chipu ina gharama. Diski zilipoingia, kutoa nakala moja kukawa rahisi sana, na gemu ya kupakua haina hata kasha. Dola 60 ikazoeleka tangu konsoli ya Xbox 360 ya mwaka 2005, ikadumu hadi PlayStation 5 ilipokuja na dola 70 zake mwishoni mwa 2020. Juni 2025 Mario Kart World, gemu ya Nintendo ya mbio za magari, ikabisha mlango wa 80.

Wanaokupigia hesabu hiyo huishia katikati. Katriji ukishailipia umemalizana nayo. Mwaka 2006 gemu ya Oblivion iliuza deraya, vazi la vita, la farasi wa ndani ya gemu kwa dola 2.50, tukacheka wiki nzima. Hakuna anayecheka tena: unalipa kiingilio, kisha pasi ya msimu ya kufungua vitu vya ziada, kisha mavazi ya mhusika, kisha ada ya kila mwezi ili konsoli ikuruhusu kucheza na wenzako. Sisemi watengenezaji wanadanganya wakisema gharama zimepanda. Gemu kubwa huajiri mamia ya watu kwa miaka. Lakini Septemba 2025 Hollow Knight: Silksong, kazi ya watu wachache wa Australia, ilitoka kwa dola 20, wanunuzi wakafurika hadi maduka ya mtandaoni yakakwama. Basi hiyo 80 ni bei iliyopangwa na mtu, haikushuka kutoka mbinguni.

Mimi siku ya kwanza sinunui tena. Niliwahi kulipa ziada nipate toleo la kifahari siku tatu kabla ya wengine, na siku zote tatu nikazimaliza nikitazama gemu ikijizima kila nikiingia pangoni. Miezi minne baadaye ilikuwa nusu bei, na pango limetengemaa. Nilikuwa fundi wao wa majaribio, tena fundi anayelipa ili afanye kazi. Ila kama wewe ni mtu wa mashindano ya mtandaoni, kusubiri kuna hasara: utakuta wenzako ama wameshahama ama wameshakuwa simba. Na gemu za Nintendo zenyewe hushusha bei kwa shingo upande, hizo usizisubiri kwa hamu.

Mzee, gemu yangu ya kuwinda majoka imezimiwa seva, zile kompyuta za kampuni inazoziunganikia. Nilikuwa nacheza peke yangu, sijawahi kushindana na mtu, lakini sasa haifunguki kabisa. Diski ninayo mkononi! Nimeibiwa? – Mwindaji Asiye na Pori

Ukisoma ule mkataba mrefu tunaoukubali bila kuusoma, ulichonunua ni ruhusa ya kutumia, na ruhusa huondolewa. Ukiniuliza mimi, umeshikishwa ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Hauko peke yako. The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, ilizimwa mwisho wa Machi 2024, nayo ilidai seva hata kwa dereva asiyemhitaji mtu. Kisa hicho ndicho kilichomsukuma Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, kuanzisha kampeni ya Stop Killing Games (Acheni Kuua Gemu), na Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni moja. Hawadai seva ziwake milele, ingawa wapinzani wao hupenda kuwasingizia hivyo. Wanadai kampuni ikiondoka iache gemu inachezeka. Kule California, tangu Januari 2025, duka la mtandaoni likikuuzia ruhusa tu halina budi kukuambia hivyo waziwazi. Bado utanyang'anywa, ila umeonywa.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja: nikizima intaneti, itafunguka? Na ukipata gemu yako kwenye duka la mtandaoni kama GOG, lisilozifunga gemu zake kwa kufuli, pakua faili la kusakinisha uliweke kwenye diski yako mwenyewe.

Kadi yangu ya picha, kile kifaa cha kompyuta kinachochora gemu kwenye skrini, imezeeka kidogo, gemu zinakwamakwama, wenzangu wananicheka eti nachezea kikokotoo. Ninunue mpya? – Fremu Kumi na Nne

Kwanza inuka, zunguka nyuma ya kompyuta, tazama waya wa skrini umechomekwa wapi. Sitanii. Niliwahi kununua kadi mpya, nikaifunga kwa mbwembwe, nikachomeka waya kwenye ubao mama badala ya kwenye kadi yenyewe, nikacheza miezi miwili kwa nguvu za kile kichipu cha ndani huku nikiitukana kadi iliyolala bila kazi.

Kama waya uko mahali pake, toa vumbi kwenye feni. Kwenye mipangilio ya gemu, punguza vivuli kabla ya kupunguza kitu kingine chochote, vinakula sana na macho hayavikosi. Jaribu pia FSR, mbinu ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza, ikiwa gemu inayo; matoleo yake ya awali hukubali hata kadi za zamani. Soko la kadi halina huruma. Wachimba sarafu za kidijitali, waliozitumia kadi hizi kuchimba, walipolegea, pale sarafu ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022, watu wa akili bandia wakashika foleni. Wanaokucheka waulize mwaka huu wamemaliza gemu ngapi.

Nikifungua maiki wakasikia sauti ya kike, mechi inageuka matusi. Kaka yangu anasema nizoee. – Bila Sauti

Usizoee, dada. Zima sauti zao, siyo yako, na uripoti palepale kabla majina hayajapotea. Kaka yako mpe akaunti yako jioni moja, tuone atazoea baada ya mechi ngapi. Mimi nina neno na wale wengine kwenye timu, wasiotukana wala kukemea. Nimekuwa mmoja wao, najifanya natafuta risasi huku binti wa watu akichambwa. Siku niliposema "mwacheni acheze," kimya kikatanda, mchezo ukaendelea. Tulifungwa, lakini hilo lilikuwa kosa langu mimi na mabomu yangu.

Mzee, kupuliza katriji kulisaidia kweli? – Mtoto wa Diski

Hapana. Kilichosaidia ni kuichomoa na kuirudisha. Mate yetu yalikuwa yakiozesha pini tu. Ninayo moja kabatini, na jana nimeipuliza.