Kabla ya Masika, Anzeni na Mtaro

Watu wa mitaa mingine wakiniuliza kikundi chetu kilianzaje, nawajibu kilianza na mtaro. Sisi tunaishi kwenye mteremko wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, na huku mtaro ukiziba maji hayachagui nyumba. Mwenye nyumba, mpangaji wa chumba kimoja, mama ntilie wa pale kona, wote wanaamka usiku kuchota maji ndani kwa ndoo. Ndiyo maana nawashauri wanaotaka majirani washikamane: tafuteni kero inayomnyima kila mtu usingizi, muanze nayo. Bustani za mchicha na mbolea ya mboji zitapata wakati wake.

Mto wetu unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani hadi baharini pale Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Lakini wapo waliobaki, na wapo waliohamia baadaye kwa kufuata kodi nafuu, ambao hawajawahi kuona maji yanafika wapi. Wazee waliokuwepo wawaonyeshe alama za maji ukutani. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, ulifanya jambo hilo kwa upana: wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita kata kwa kata wakichora mitaro, njia na nyumba zinazofikiwa na maji. Nyinyi mnaweza kuanza na karatasi ya manila na kalamu mbili za rangi.

Kazi yenyewe ifanyeni kiangazi, na tumieni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tayari ni siku ya usafi nchi nzima. Machepe, reki, gambuti za kuazimana, toroli moja. Jambo linalosahaulika ni tope. Likiachwa ukingoni mwa mtaro, mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani, na watu wakiona hivyo hawaji tena. Afadhali msafishe kipande kifupi na tope lake liondoke siku hiyo hiyo kuliko kusafisha mtaro mzima na kuacha vichuguu. Kisha mpateni kijana wa guta apite kuchukua taka kwa siku inayojulikana, kwa sababu mtu asiye na pa kutupa atatupa mtaroni tu, hata mkimsema vipi.

Waiteni wapangaji. Hili nalisema kwa uchungu, maana nimeona vikao vingi vinavyoita wenye nyumba peke yao, wakati nyumba ya vyumba sita ina familia sita na mwenyewe pengine anaishi Mbagala. Wanaolala kwenye maji ndio hao wapangaji. Kikao kiwe jioni, baada ya watu kurudi kutoka kwenye mihangaiko.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye vyoo, jambo ambalo majirani wanaona haya kulizungumza. Mvua kubwa ikinyesha, wapo wanaotapisha choo: wanatoboa shimo ili kinyesi kiende na maji. Kila mtu anajua, na anayekaa chini yao anajua zaidi. Kipindupindu kilichoanza jijini Agosti 2015 kinapaswa kutosha kutukumbusha. Lakini kugombana hakusaidii, kwa sababu chanzo ni pesa na njia. Gari la majitaka haliingii kwenye vichochoro vyetu, na kulikodi kwa nyumba moja ni mzigo. Kinachowezekana ni nyumba kadhaa kuungana wakati wa kiangazi, kukodi vijana wenye pampu ya mkono na mapipa, na kupangia zamu siku moja. Gharama ya kusafirisha inagawanywa. Kabla ya hapo kaeni na wenye nyumba mkubaliane nani analipa nini, makubaliano hayo yaandikwe na mjumbe ashuhudie. Mkiweza kulimaliza hili, mengine yote ni mepesi.

Maji safi nayo msiyasahau. Mwaka 2022, kina cha mto Ruvu kiliposhuka na mgao ukaanza, tuliona thamani ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 50 likipata milimita 20, zinaanguka lita 1,000, ingawa kiasi fulani kitapotea njiani. Fungeni gata, yaachieni maji ya mwanzo yaoshe vumbi la bati, na funikeni tanki vizuri. Mbu wa dengue, aliyetusumbua sana mwaka 2019, anapenda maji safi yaliyotuama, na anauma mchana.

Kuhusu pesa, fuateni mtindo wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana: sanduku moja, kufuli tatu, watu watatu kila mmoja na ufunguo wake. Mapato na matumizi yasomwe mbele za watu na yawekwe kwenye kundi la wasapu, hata kama kilichonunuliwa ni mpini wa chepe.

Mwisho, andikeni orodha ya wasioweza kukimbia: bibi anayeishi na wajukuu, mjamzito, anayetumia magongo. Kila jina liwe na majirani wawili wa kumwamsha, si mmoja, kwa sababu mmoja anaweza kuwa zamu ya usiku kazini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, hao wawili wapite jioni ile ile, wakubaliane na bibi atapelekwa nyumba gani ya juu na nani atabeba dawa zake. Ombeni pia ruhusa mapema ya kutumia kipaza sauti cha msikiti, maana umeme ukikatika na simu zikizima, msikiti wenye betri bado unasikika. Orodha ipitieni kila mwezi. Wapangaji wanahama, na chumba mlichokiandikia mjamzito kinaweza kuwa na mzee asiyesikia vizuri.