Kabla hujamwamini msafiri wa Kizungu, muulizie tarjumani wake

Wewe unayeanza tasnifu kuhusu Waingereza waliozunguka Misri na Arabuni enzi za malkia Victoria, karibu, ngoja nikwambie mapema nilipoangukia mimi. Nilichukua kitabu cha Edward Lane kuhusu maisha ya watu wa Cairo, cha 1836 (Victoria hata hajakalia kiti, ila waliokuja baadaye wengi walikitegemea), nikanukuu habari za wanawake wa ndani kurasa sita nzima kama vile jamaa alikaa nao humo na kikombe cha kahawa mkononi. Msimamizi wangu akairudisha na swali moja la kalamu nyekundu: aliingia lini? Nikabaki kimya. Mwanaume mgeni angeingiaje huko, mengi alisimuliwa na wanaume wenzake.

Aliyeingia ni dada yake, Sophia. Alifika Cairo 1842 na wanawe wawili, akawa anaalikwa majumba ya wakubwa, anaenda hamamu na wanawake, anaandika barua. Nikaruka kwa furaha, shahidi nimempata! Kumbe jamani dibaji msiziruke, mwenyewe anasema kaka yake alimpa rundo la notsi zake azitumie, kwa hiyo kuna sehemu unadhani unamsikia Sophia kumbe ni Lane huyohuyo karudi kwa mlango wa nyuma.

Toka hapo kila nikifungua msafiri nauliza nani kasimama kati yake na anachokieleza. Mara nyingi ni mtu anaitwa "dragoman", neno lililonisumbua wiki nzima kwenye kamusi za Kiingereza wakati ni tarjumani yetu hiihii imepindishwa midomoni mwa Wazungu. Huyo ndo alikuwa anakodi chombo cha kupanda Nile, anapatana bei, anajua bakshishi ya nani ni ngapi, na anatafsiri anachotaka kitafsiriwe. Amelia Edwards alienda hadi Abu Simbel msimu wa 1873 na 74, anaandika vizuri mpaka raha, lakini maneno ya wenyeji humo mengi yalishapita kwa mtu wa namna hiyo.

Anayekaa muda mrefu anaandika tofauti. Lucie Duff Gordon alifuata hewa kavu sababu ya kifua kikuu, akaishi Luxor kwenye nyumba iliyojengwa juu ya hekalu la kale, wagonjwa wa kijijini wanamjia kuomba dawa, ndo maana barua zake zimejaa kodi na watu wanaoswagwa kazi za lazima. Ila chapa ya 1865 ilihaririwa na mama yake na kuna mambo yalikatwa, angalia umeshika chapa ipi.

Kwa Richard Burton, msafiri mwingine Mwingereza, usizubae na ile hadithi ya kuingia Makka 1853 kajifanya Mpathani (Mwislamu wa upande wa Afghanistan), msafiri Mswisi Burckhardt alishafika 1814. Msome akishafika huku kwetu, Unguja Desemba 1856, halafu Kazeh, yaani Tabora, Waarabu wanampokea. Anawasifia ukarimu, papo hapo anawaponda Waafrika kwa uchoyo, na mizigo yake toka pwani imebebwa na wapagazi gani? Siku hiyo nilifunga kitabu nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikaandika namba ya ukurasa kwenye daftari, ndo ikawa sura yangu ya nne.