Huimbi kwaya, huhubiri, utumikieje? Jibu langu kutoka jumuiyani

Ndugu, umeuliza hivi: huimbi kwaya, huwezi kuhubiri, mfukoni hakuna kitu, lakini hamu ya kumtumikia Mungu inakunyima usingizi, uanzie wapi? Sijui dhehebu lako. Mimi ni Mkatoliki wa Tanzania, nitakujibu kwa niliyoyaona kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo, yaani familia chache za majirani wanaosali pamoja kila juma, nyumba kwa nyumba. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya hizi kipaumbele kwenye mkutano wao wa Nairobi mwaka 1976, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu kwenye kundi dogo mtu akikosekana inajulikana.

Kwetu alikosekana mwalimu mmoja mstaafu. Kiharusi kilimlaza, mkewe naye ni mzee, watoto wako mbali. Sala tulimpelekea mapema, na Komunyo aliletewa. Lakini mkewe alikuwa anahitaji mikono. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo anapata vidonda vya kulalia kiunoni na visiginoni. Shuka likilowa libadilishwe hapo hapo. Uji anywe akiwa ameketishwa wima, kidogo kidogo, maana aliyepigwa kiharusi hupaliwa kirahisi. Akina mama wa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, walitufundisha sisi wanaume yote hayo, tukagawana zamu.

Ugumu ulikuja kwenye kumwogesha. Mwalimu alikataa katakata. Baadhi yetu alitufundisha kusoma, leo tumvue nguo? Hatukumlazimisha. Mzee mwenzake wa jumuiya akaenda, akakaa, wakazungumza habari za zamani, kisha akamwuliza, "Mwalimu, leo tuanze na nini?" Akajibu: ndevu. Basi siku hiyo alinyolewa ndevu tu. Siku nyingine miguu. Baadaye akakubali mwili mzima, kwa masharti yake: mlango ufungwe, afunikwe shuka, na ifunuliwe sehemu inayooshwa peke yake. Nilikuwa nashika beseni. Nilimwona mtu aliyelala kitandani akiendelea kuwa mwalimu wetu, anatuelekeza na kutusahihisha, nasi tunaitikia. Tangu hapo nikisikia watu wanasema upendo mnyenyekevu, naelewa hivi: anayehudumiwa ndiye anayeamua, na heshima yake haipungui hata kidogo mikononi mwako.

Ndiyo maana sura ya 13 ya Yohana siku hizi naisoma nikimtazama Petro. Luka anaeleza kwamba usiku ule ule wanafunzi walikuwa wanashindana nani mkubwa kati yao. Yesu akaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli, akaanza kuwaosha miguu. Petro akamwambia, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Yuda naye alikuwa pale, hakutoka mpaka baadaye. Wengi tunatamani kuwa upande wa mwenye kitambaa. Upande wa mwenye miguu ni mgumu zaidi, kwa kuwa pale huna cha kutoa, unapokea tu. Na naamini kabisa kwamba asiyekubali kusaidiwa, siku akija kukusaidia atakuona mdogo wake, hata kama hakusudii. Kwa hiyo ukiugua au ukiishiwa, waruhusu wenzako waje. Huo nao ni utumishi.

Mwaka 2013 Papa Fransisko aliadhimisha Alhamisi Kuu katika gereza la vijana la Casal del Marmo, Roma, akawaosha miguu vijana 12, wakiwemo wasichana na Waislamu. Wapo waliokwazika. Mimi nilifurahi sana, maana aliwafuata walipo, hakusubiri waje wakiwa wamestahili.

Kitu kimoja kinaniumiza: picha. Kikundi kinapeleka mchele na sabuni, mgonjwa anapangwa mbele ya kamera ameshikishwa mfuko, jioni yuko kwenye magrupu yote ya parokia. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume (Mathayo 6:3). Mgonjwa yule ana wajukuu wenye simu. Peleka mchele, simu ibaki mfukoni.

Pia usiahidi makubwa. Mwanzoni nyumba ya mgonjwa hujaa watu. Miezi ikipita wanabaki wawili watatu, na hao ndio wanaombeba. Chukua zamu ndogo ambayo utaiweza hata msimu wa kilimo.

Juma hili mwulize mwenyekiti wa jumuiya, au mzee wa kanisa kama wewe ni Mlutheri, nani haonekani siku hizi. Nenda na mtu anayefahamika nyumbani hapo. Ukifika usianze na sala ndefu. Salimia, kaa, mwulize anayemwuguza kama usiku alipata usingizi. Akisema hakupata, mwambie aende akalale, wewe utakaa na mgonjwa.