Kujiandaa na HYROX wakati gym haina sledi
Dada, umesema 10 km unakimbia bila shida ila gym ya mtaani kwenu haina sledi, kile chuma kinachopakiwa uzito na kusukumwa sakafuni, sasa hujui utajiandaaje na HYROX, yale mashindano ya kuchanganya mbio na vituo vya mazoezi ya nguvu. Mbio zisikuogopeshe, ni kilomita 8 tu, ila zimekatwakatwa, kila ukimaliza 1 unakutana na kituo cha kazi. Pumzi unayo, kitakachokusumbua ni miguu. Ukitoka kusukuma sledi mita 50, na kwa wanawake daraja la kawaida ni kilo 102 pamoja na sledi yenyewe, mapaja yanakuwa mazito kama zege na bado unatakiwa ukimbie, sasa hiyo hali ndo ya kuizoea.

Kwa hiyo piga skwati na lanji nzito (lanji ni ile hatua ndefu ya mbele huku goti la nyuma likishuka chini) mara mbili kwa wiki, halafu siku nyingine changanya, kimbia kilomita 1, piga lanji mita 50 na mfuko wa mchanga kilo 10 mabegani, kimbia tena, rudia mara nne bila kukaa chini. Shika mwendo utakaouweza mpaka raundi ya mwisho, wengi wanaanza kwa kasi halafu wanakata moto katikati.

Kurusha mpira mzito ukutani nako anza mapema maana ndo kituo cha 8, miguu imeshachoka, na usipochuchumaa mpaka nyonga zishuke chini ya magoti hawakuhesabii. Mgongo ukianza kuuma punguza uzito jamani, usilazimishe. Zile mbio zako ndefu za taratibu usiziache.