Nilihoji wakulima kabla ya kibali: je, data hizo zinafaa kwa tasnifu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtumishi wa halmashauri wilayani Tandahimba, nasoma shahada ya uzamivu kwa njia ya tasnifu katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Mada yangu ni malipo ya wakulima wa korosho katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima huweka korosho ghalani na kulipwa zikishauzwa mnadani. Andiko la utafiti lilipitishwa na idara. Minada ilipoanza Oktoba niliingia vijijini bila kusubiri barua ya kibali, kwa kuwa ni nyumbani na viongozi wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) wananifahamu. Nilihoji wakulima kama 40. Kibali kimetoka Desemba hii. Je, naweza kuyatumia mahojiano hayo? Kama hapana, niahirishe masomo hadi msimu ujao ili muda wangu usiliwe?

JIBU: Marahaba. Mahojiano hayo usiyaingize kwenye tasnifu. Najua ni kazi ya jua kali na nauli ya bodaboda, lakini kibali hakirudi nyuma. Kinaanza kufanya kazi tarehe iliyoandikwa juu yake. Barua yenyewe utaiweka kwenye viambatisho, na mtahini wa nje akiilinganisha na tarehe za mahojiano, ataliona hilo kabla hajafika sura ya matokeo.

Idara kupitisha andiko maana yake ni kwamba swali lako linafaa kutafitiwa. Ruhusa ya kwenda kwa watu ni jambo jingine. Kwa Mtanzania anayesoma chuo cha hapa nchini, kwa kawaida chuo ndicho kinachotoa barua ya kibali. Mtafiti kutoka nje ya nchi hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Barua hiyo huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa pale Mtwara mjini, ikashuka wilayani na kwa Mkurugenzi, kisha kwa watendaji wa kata na vijiji. Isome vizuri: kama imetaja Tandahimba peke yake, usivuke kwenda Newala kwa sababu tu ni jirani.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya tarehe. Wewe ni mtu wa halmashauri. Mkulima anayesubiri pesa zake akikuona na daftari, ukamuuliza alikatwa kiasi gani na nani anamdai, je, aliona anaweza kukataa kujibu? Huenda alijibu kwa heshima, au kwa matumaini kwamba utamsaidia kulipwa. Ndiyo maana fomu ya ridhaa lazima iseme wazi kwamba umekuja kama mwanafunzi, kwamba majibu yake hayafiki ofisini kwako, na kwamba akikataa hatapoteza chochote. Kujulikana na viongozi wa AMCOS hakuchukui nafasi ya ridhaa hiyo. Kwa mkulima mwenye malalamiko dhidi ya chama, kunaweza hata kumfunga mdomo.

Wiki hii mwandikie msimamizi wako. Taja vijiji, tarehe, idadi ya watu na mahali zilipo karatasi, kisha omba suala lipelekwe kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Usizichome karatasi wala kubadilisha tarehe. Zifungie hadi upewe maelekezo, kwa sababu jina la mtu, namba yake ya simu na kilo alizouza ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023. Pia usishawishike kuyaita mahojiano hayo majaribio ya hojaji. Majaribio nayo huombewa kibali. Kamati ikiridhia, unaweza kuwarudia watu walewale na kuanza upya kwa ridhaa mpya.

Kuhusu kuahirisha, ushauri wangu ni usifanye hivyo. Kuahirisha husimamisha muda wa usajili kwa kipindi kilichoidhinishwa, kwa sababu kama ugonjwa au ada. Lakini katika kipindi hicho unahesabika kuwa nje ya masomo: msimamizi hawajibiki kwako, na kibali ulichopewa kama mwanafunzi kinakosa mguu wa kusimamia. Ukiahirisha kisha ukaonekana kijijini na hojaji, umerudia kosa lilelile. Kuongezewa muda ni ombi jingine kabisa. Huja mwishoni, muda ukikaribia kwisha, na mara nyingi lina ada yake. Miaka na masharti hutofautiana chuo kwa chuo, kwa hiyo fungua kanuni za shahada za juu za chuo chako, toleo la mwaka uliosajiliwa.

Isitoshe, msimu haujakupita kabisa. Mada yako ni malipo, na Desemba au Januari mkulima bado anakumbuka aliuza mnada gani na pesa iliingia lini. Omba ruhusa uone kumbukumbu za AMCOS na za maghala, ambazo zina tarehe, kilo na bei, halafu mahojiano mapya yaelekee kwenye yale ambayo kumbukumbu hizo hazisemi. Kama unahitaji kweli kushuhudia mnada kwa macho, endelea kuandika sura za mwanzo ukiwa umesajiliwa, na uende Oktoba ijayo. Kabla ya hapo angalia tarehe ya mwisho wa kibali. Kama kitakwisha kabla ya Oktoba, omba kihuishwe mapema, kwa maandishi, kupitia msimamizi.