Dada anasema ni kategori 1 tu

SWALI: Habari za kazi mhariri. Dada yangu anaishi Florida karibu kabisa na bahari, kimbunga kikitangazwa mi nakesha na TV, namuona mtangazaji anapepesuka na upepo pale ufukweni, chini wameandika kategori 1, nikimpigia dada anacheka eti kategori 1 nayo ni ya kuhama? Hivi yuko sawa? Na mbona maji hawayasemi?

JIBU: Kwa upepo yuko sawa. Shida ni kwamba ile kategori (inaanzia 1 hadi 5) inapima kasi ya upepo basi, maji hayamo kabisa, iwe mvua au bahari inayosukumwa nchi kavu. Kimbunga Ike kilipopiga Texas mwaka 2008 kilikuwa kategori 2, nenda kaangalie picha za Bolivar, rasi ya pwani ya huko, baada ya pale, nyumba zimefagiliwa zikabaki nguzo. Na Florence 2018 ndo hiyo hiyo kategori 1 ya dada yako, iliingia North Carolina ikajikokota siku kadhaa, kuna sehemu mvua ilipita sentimita 75, mito ikafurika hata mbali na pwani.

Maji wanayasema, ila upepo una picha nzuri zaidi. Kwenye Florence hiyo hiyo kuna mtangazaji alijikunja kama anang'olewa, nyuma yake watu wawili wanapita zao taratibu (nilicheka sana). Maji ya bahari yanaweza kupanda usiku, kamera zimeshaondoka.

Tangu 2017 kituo cha taifa cha vimbunga cha Marekani kinatoa onyo la peke yake la maji ya bahari, wanasema mfano futi 6 hadi 9, na hizo zinahesabiwa kuanzia ardhini sio kutoka usawa wa bahari, kwahiyo futi 9 ni juu ya kichwa cha mtu aliyesimama uani kwake. Hiyo namba TV inaipitisha haraka haraka, afu wanarudi kwenye ile ramani yenye umbo la koni, ambayo nayo inaonyesha kitovu cha kimbunga kinaweza kupita wapi tu, mtu akiona yuko nje ya koni anajua kapona, kumbe wapi.

Florida wamegawa maeneo ya kuhama kwa herufi, na yamepangwa kwa kuangalia maji, sio upepo. Mpigie leo kabla msimu haujachanganya muulize yuko herufi gani. Akikwambia A, yaani wale wa kwanza kuhamishwa, habari ya kategori achana nayo, muulize gari lina mafuta?