Maswali yenu: kashata, kaimati na majiko mnayoyaua kwa maji

Kashata zangu za nazi hazigandi, zinanata vidoleni hata zikilala. Nakosea wapi? (Tanga)

Sukari haijaiva. Swali hili halikomi kuja, na jibu ni lile lile. Dondosha tone la shira kwenye bakuli la maji baridi; likifinyangika kigoroli laini, tia nazi na iliki. Kisha usiondoke. Koroga mpaka mchanganyiko uanze kuachana na sufuria, umimine kwenye sinia uliyoipaka mafuta, ukate ungali moto. Ukipitiliza zitatoka chengachenga, ila hizo angalau zinaliwa.

Shira ya kaimati inarudi kuwa sukari, punje tupu.

Matone ya ndimu inapochemka, na mwiko uweke chini. Kukorogakoroga ndiko kunakoleta punje.

Mkate wa kumimina unaungua chini, juu mbichi.

Makaa mengi yawe juu ya mfuniko, chini machache. Mmefundishwa na mama zenu, mnanisumbua mimi.

Jiko langu la mkaa limepasuka udongo, na ni la pili mwaka huu. Mafundi wanatuuzia mabovu? (Temeke)

Nikuulize kwanza: ukimaliza kupika, makaa unayazima kwa kitu gani? Kama ni kopo la maji, fundi umemsingizia. Udongo wa moto ukimwagiwa maji ya baridi, uso unasinyaa ghafla na ndani bado umetanuka, lazima upasuke. Maji hayo yanashuka na majivu hadi kwenye bati. Majivu hushika unyevu, na magadi yake na kutu vinalila bati taratibu hadi litoboke.

Makaa yatoe kwa koleo, uyatie kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana. Yakikosa hewa yanazimika yenyewe, na kesho unawashia hayo hayo. Kwa bei ya mkaa ilivyo, sielewi mtu anayeyamwagia maji. Majivu yamwage kila siku yakishapoa. Jiko jipya lianze na moto mdogo, kwa sababu udongo huwa na unyevu bado. Hata hivyo mafundi nao si malaika: kabla ya kulipa, gonga udongo kwa kidole. Ukitoa sauti ya kupwaya, una ufa, chagua jingine.

Karai la chuma linashika kutu kila nikiosha.

Usililoweke usiku kucha. Likaushe juu ya makaa, lipake mafuta kidogo lingali na joto, basi.

Mvua imenikuta katikati ya visheti. Naweza kuingiza jiko ndani?

Hapana. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mkaa uliokolea mwekundu bila moshi ndio unaowadanganya watu. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia zilizolala na jiko zisiamke. Dirisha la nusu si kinga. Donge lifunike, ukaange mvua ikikatika, au utumie gesi.

Rangi gani inakoza ubuyu vizuri?

Rangi ya chakula, yenye lebo. Ile ya kuchovyea ukindu iacheni kwenye mikeka. Wanaokula ubuyu wengi ni watoto.

Na wewe uliyeandika "sukari vikombe vingapi?" bila kusema unapika nini: andika tena.